Kula na PCOS Visiwani: Mwongozo Kamili Kuanzia Kikombe cha Chai hadi Sinia

Kila mwezi hunijia dada wawili watatu wenye PCOS, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi na kupevuka kwa mayai, na kisa ni kimoja. Jumamosi ameokota orodha ya vyakula kwenye simu: shayiri, brokoli, samaki wa bahari ya baridi. Jumapili ameapa kuwa wali basi. Jumatatu na Jumanne anajikaza. Jumatano nyumbani kumepikwa wali wa nazi na mchuzi wa nguru, watu wamelizunguka sinia, yeye kakaa pembeni anatafuna tango. Ijumaa anarudi kwenye sinia na kula cha siku nne kwa mkupuo. Kisha anakuja kuniambia, "Mimi sina msimamo."

Msimamo wake sina shaka nao. Mtu asiye na msimamo hali tango siku nne. Kilichomwangusha ni mpango ulioandikwa kwa jiko la watu wengine.

Huu umeandikwa kwa chakula cha Darajani, Mwanakwerekwe, Chake na Wete. Mimi mwenyewe naishi na PCOS, ni mzaliwa wa Pemba niliyeolewa Unguja, na wali sijauacha.

## Kwa nini chakula kinahusika

Wanawake wengi wenye PCOS miili yao haiitikii ipasavyo insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, kwa hiyo kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Insulini ikizidi, ovari hutengeneza androjeni kupita kiasi, zile homoni tunazoziita za kiume ingawa kila mwanamke anazo kidogo. Ini nalo hupunguza protini inayozifunga homoni hizo, na nyingi hubaki huru kwenye damu. Yai halipevuki, hedhi inaruka miezi, kidevu kinaota ndevu, chunusi hazikauki.

Vile "vifuko" unavyoonyeshwa kwenye ultrasaundi ni nyumba za mayai ambayo hayajapevuka. Si uvimbe, na hakuna cha kusafishwa.

Chakula hakiiondoi PCOS. Kinashusha insulini, na insulini ikishuka mengine hulegea. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 haukuitaja dayati yoyote kuwa bora kuliko nyingine. Kwangu mimi maana yake ni kwamba chakula bora ni kile utakachoweza kukila mwakani pia.

## Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Sahani bapa iliyo yako peke yako, upana wa sentimita 22 hadi 24. Bakuli usilitumie, linaficha.
- Kikombe kimoja cha chai cha kawaida. Hicho ndicho pishi lako la wali.
- Kijiko cha chai, kile kile kila siku.
- Futi ya fundi cherehani. Huna? Uzi mrefu unaoweza kuupiga fundo.
- Daftari dogo na kalamu.
- Jikoni: choroko, kunde au mbaazi kavu, dagaa wakavu, mayai, ndimu, vitunguu, nyanya.
- Mboga za siku: mchicha, kisamvu, matembele, mnavu, bamia, biringani, kabichi. Chochote kilicho rahisi sokoni siku hiyo.
- Majibu ya vipimo vyako. Kama huna, hatua ya kwanza inakuhusu.

Mizani ya kupimia uzito si lazima. Nimeona imewavunja moyo wengi kuliko iliowasaidia.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni PCOS kweli

Hedhi ya kuruka ina sababu nyingi: mimba, tezi ya thairoidi, homoni ya prolaktini ikipanda, mwili kukonda mno. Wapo waliojitangazia PCOS kwa sababu ya ndevu mbili za kidevuni, na wapo walioambiwa wanayo baada ya ultrasaundi moja tu bila swali lolote kuhusu hedhi.

Tangu mwaka 2003 madaktari wengi hutumia vigezo vitatu, na mwanamke mzima anatakiwa awe na viwili kati yake. Cha kwanza, hedhi isiyo na mpangilio. Cha pili, androjeni nyingi, ama kwa dalili za mwilini au kwa kipimo cha damu. Cha tatu, ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Na kabla ya kuhesabu hivyo, magonjwa mengine yanayofanana nayo yawe yameshaondolewa.

Binti ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo haitakiwi kutumia ultrasaundi kumthibitishia. Ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida yake.

Anzia kituo cha afya cha karibu. Watakuelekeza kama uende Mnazi Mmoja, au kwa mlio Pemba, Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani. Ulizia na kipimo cha sukari. Kinachoonyesha vizuri zaidi ni kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa 2. Kikisoma 11.1 (milimoli kwa lita) au zaidi ni kisukari. Kati ya 7.8 na 11.0, sukari imeanza kupanda na bado una nafasi ya kuizuia.

Tahadhari. Kama una mimba, unatumia insulini au vidonge vingine vya kushusha sukari, au una ugonjwa wa figo, usibadilishe chakula kwa mwongozo huu kabla ya kuongea na daktari wako. Dozi iliyopangwa kwa wali mwingi inaweza kukuangusha ukila wali kidogo.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi mkononi inayosema ni nini, na umeshajua sukari yako iko wapi.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kuandika bila kubadilisha kitu

Kwa siku tatu kula kama ulivyozoea, uandike kila kinachoingia mdomoni. Chai ya jirani iandike. Kipande cha mkate wa kumimina ulichoonja unapita jikoni, kiandike. Lengo ni kujua mlango sukari inakopitia.

Dada mmoja aliniapia kwamba yeye si mtu wa vitu vitamu, halua haigusi. Tulipohesabu, alikuwa anakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban gramu 4. Vijiko 12 ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isivuke kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ingekuwa bora ikomee gramu 25. Dada yangu alikuwa keshamaliza fungu lote kabla hajatia kitu tumboni.

Pima na kiuno. Simama wima, pumua nje, pitisha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwenye uzi apige fundo pale unapokutana, auhifadhi ndani ya daftari. Kwa mwanamke, sentimita 80 na kuendelea ni dalili kwamba mafuta yamejikusanya tumboni, na hayo ndiyo yanayoufanya mwili usiisikie insulini.

Halafu tazama shingo kwa nyuma na kwapa. Ukiona weusi mzito unaoguswa kama mahameli, huo si uchafu. Wengi wamejisugua kwa dodoki mpaka wakajichubua, na mama mtu anasema binti haogi vizuri. Mara nyingi ni insulini hiyo. Uandike, tutaurudia.

## Hatua ya 3: Chai ya asubuhi

Naanza na chai, wala sianzi na wali, kwa sababu chai ni yako peke yako. Hakuna atakayenuna ukipunguza sukari kwenye kikombe chako.

Toa nusu kijiko kila baada ya siku 5. Kutoka vijiko 3 hadi 1 ni siku 20. Usikate mara moja, ulimi utagoma. Kila unapotoa sukari, zidisha tangawizi, hiliki, mchaichai au kijiti cha mdalasini, ili kinywa kisione kimepunjwa. Hapa kwetu viungo si shida.

Asali na sukari guru ni sukari. Najua asali ina sifa zake, lakini mwilini inaingia kwenye hesabu ile ile.

Kisha kitafunio. Chai tamu kwa mandazi matatu ni wanga juu ya sukari bila kitu cha kuvizuia. Vinaingia kwenye damu haraka, insulini inaruka, na saa nne asubuhi njaa imerudi na kichwa kinauma. Weka protini kwanza, kitafunio kifuate:

- mayai mawili na nusu chapati, au kipande kimoja cha boflo;
- kikombe cha maharage au choroko zilizoungwa, na andazi moja ukitaka;
- supu ya pweza au ya samaki na kipande cha muhogo kisichozidi vidole vitatu;
- mkate wa mofa wa mtama, ukibahatika kumpata anayeuoka bado, kwa dagaa au samaki aliyebaki jana.

Kiporo cha samaki asubuhi wengine hukiona cha ajabu. Sisi Pemba tumelelewa nacho.

Tahadhari. Usiruke chakula cha asubuhi kwa kudhani unaokoa. Mwenye njaa hana miiko, na njaa ya saa saba ndiyo inayokurudisha kwenye sinia bila hesabu.

Umefanikiwa siku utakapopewa chai kwa watu, uinywe, uione tamu mno.

## Hatua ya 4: Toka kwenye sinia bila kuvunja ujamaa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hakuna orodha ya mtandaoni inayolitaja sinia.

Ukila siniani huwezi kujua umekula kiasi gani. Mwenzako anakusogezea, mama anakuongezea mchuzi upande wako, watoto wanaacha, unamalizia ili isitupwe neema ya Mungu. Hakuna macho yanayoweza kupima hapo. Kwa hiyo pakua chako kwenye sahani yako kabla sinia halijawekwa mkekani, kisha kaa na wenzako pale pale na sahani yako. Usiende kula chumbani. Kula peke yako kunaleta maneno, na maneno yanamaliza hamu ya kuendelea.

Mama mkwe atauliza. Usiseme "niko kwenye dayati", kwani nusu saa mtabishana, na utaambiwa mwanamke wa kwetu hupendeza akinawiri. Sema, "Mama, daktari kanipimia." Sijaona mama wa Kizanzibari anayebishana na daktari asiyekuwepo.

Sahani yenyewe igawe hivi.

Nusu nzima ni mboga. Mchicha, kisamvu, matembele, bamia, biringani, kabichi, kachumbari. Kijiko kimoja cha kachumbari pembeni ni pambo. Nazungumzia nusu ya sahani.

Robo ni kitoweo. Samaki wa ukubwa wa kiganja chako bila vidole, au mayai mawili, au kuku. Vibua, jodari, changu, ngisi, dagaa, wote sawa. Pweza ana protini nyingi na mafuta kidogo mno, na ukiwa jirani na wanaoshuka kuchokoa pweza maji ya bamvua, una bahati kuliko mwenye duka la mjini. Samaki wa kuchoma, wa kupaka au wa mchuzi ni afadhali kuliko wa kuzamishwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi.

Robo ni wanga. Kikombe kimoja cha chai cha wali ulioiva, usioshindiliwa. Kinakuwa na kama gramu 40 za wanga. Siku za mwanzo utaona kimekaa kama kisiwa. Mboga zikiwa nusu kweli, shibe itakuja.

Sasa kosa linalorudiwa kuliko yote: "Mimi wali nimeacha, nakula muhogo." Muhogo, majimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, shelisheli, ndizi, ugali, chapati, tambi, vyote viko kwenye robo ile ile. Gramu 100 za wali zina takriban gramu 28 za wanga. Uzito huo huo wa muhogo uliochemshwa una 35 au zaidi. Aliyeacha kikombe cha wali akala sahani ya muhogo wa nazi hakuacha kitu, ameongeza. Pilau lenye viazi ni wanga mara mbili kwenye sahani moja, kwa hiyo chagua kimoja umpe mwenzio kingine.

Choroko, kunde, mbaazi na maharage ni mkombozi wa mwisho wa mwezi, pale samaki anapopanda bei. Kikombe kikubwa cha choroko zilizoiva kina takriban gramu 14 za protini na 15 za nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Lakini zina wanga pia. Zikiwa ndiyo kitoweo cha siku, punguza wali mpaka nusu kikombe.

Na nazi? Naulizwa kila mara. Nazi ina wanga kidogo sana, haipandishi sukari, ila mafuta yake ni mazito na yanahesabika. Mimi nimeipeleka kwenye mboga. Kisamvu cha nazi au bamia za nazi hukufanya ule nusu sahani bila kulazimishwa, ndiyo kazi niitakayo. Wali naupika kwa tui la pili au kwa maji na chumvi. Ukitia tui zito kwenye wali, kwenye mchuzi na kwenye mboga mlo mmoja, umezidisha mara tatu, na utamu umekuwa mmoja tu.

Kwa mwembamba mwenye PCOS. Mpo, na mnasahauliwa. Usipunguze chakula. Gawa sahani vivyo hivyo, ongeza kitoweo na kunde, ukisikia njaa ongeza sahani. Mwili uliokonda mno nao husimamisha hedhi.

Umefanikiwa ukimaliza mlo, saa nne zikapita bila kutafuta kitu kwenye kabati.

## Hatua ya 5: Anza na mboga, maliza na miguu

Kula mboga na samaki kwanza, wali mwisho. Chakula ni kile kile, kiasi kile kile, lakini sukari baada ya mlo hupanda kidogo kuliko ukianza na wali. Haigharimu hata senti.

Kisha tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu bila kuisubiri insulini nyingi. Kuzunguka nyumba, kwenda dukani na kurudi, ufukweni maji yakiwa yamepwa, viwanja vya Maisara kwa wa mjini. Kwa wiki lengo ni dakika 150, na siku mbili zisizofuatana za mazoezi ya nguvu. Kukaa na kusimama kwenye kiti mara 12 kwa raundi tatu kunatosha kuanzia, na kunafanyika ndani ukiwa na dera lako.

Vinywaji na matunda kwa ufupi. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40 za sukari. Juisi ya miwa ni sukari iliyoyeyushwa. Juisi ya embe, ukwaju na bungo huwa nzuri mpaka uone mkono wa anayetia sukari. Tunda lile zima: pera, chungwa, kipande cha papai, embe dogo moja. Fenesi likipasuliwa nyumbani hesabu kokwa, usiseme "kidogo tu".

Na urojo, kwa sababu najua mtauliza. Rojo lake ni la unga, ndani kuna viazi na bhajia, juu chipsi za muhogo. Mwambie muuzaji atie rojo kidogo, kiazi kimoja, chipsi asitie, mishikaki miwili na yai. Atakutazama vibaya mara ya kwanza. Mara ya tatu atakuwa keshakuzoea.

## Hatua ya 6: Ramadhani na harusi

Jioni moja ya futari inaweza kuwa na muhogo wa nazi, majimbi, ndizi mbivu, viazi vitamu, tambi na kaimati, na wali bado haujaletwa. Vyote robo ile ile.

Fungua kwa maji na tende moja mpaka tatu ndogo. Tatu ndogo zina kama gramu 15 za sukari. Kunywa supu au uji usio na sukari. Ule wa pilipili manga hauhitaji sukari kabisa, wapishi ndio waliouharibu. Swali Magharibi. Ukirudi umetulia, chagua futari ya aina moja, ukubwa wa ngumi, na samaki na mboga kama siku zote. Kaimati mbili, Alhamisi na Jumapili, nakuruhusu.

Daku usilile kama mtu anayejaza ghala. Choroko au maharage, yai, kipande cha mkate, tango, maji. Wali mwingi wa saa kumi usiku unakuachia njaa saa tatu asubuhi.

Anayetumia metformini, kidonge kinachousaidia mwili kuisikia insulini, au dawa nyingine azungumze na daktari wiki chache kabla ya mwezi kuandama, apangiwe saa. Usijipangie kwa kusikia fulani anafanyaje.

Harusini kula nyama na kachumbari kwanza, kisha pilau kiasi cha kikombe chako. Unakijua sasa kwa macho. Kahawa chungu haina neno. Halua onja ncha ya kijiko, ni haki ya mwenye shughuli. Ukipita mtaani ukaambiwa "karibu", jibu "starehe", kisha endelea na safari yako. Hakuna aliyewahi kukasirika.

## Hatua ya 7: Pima, na usipime mapema

Kila mabadiliko yana wakati wake, na wengi huacha kwa sababu wanatazama kitu kisichofika bado.

Wiki ya 2 hadi 4: usingizi wa mchana unapungua, njaa ya kutetemesha inakwisha, chai ya zamani inaonekana sharubati.

Mwezi wa 2 au wa 3: fundo la uzi wako halikutani tena mahali pale. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua asilimia 5 hadi 10 kunatosha kurudisha upevushaji kwa wengi. Aliye na kilo 80 hiyo ni kilo 4 hadi 8. Hahitaji kurudi kwenye gauni la harusi.

Mwezi wa 3 hadi wa 6: hedhi zinaanza kujipanga. Andika tarehe zote. Weusi wa shingoni hufifia taratibu.

Baada ya miezi 6 na kuendelea: nywele za kidevuni. Nywele iliyokwisha ota ina mzunguko wake, haisikii chakula cha wiki hii. Zinyoe au zing'oe huku ukisubiri; kunyoa hakuzidishi wingi wake.

Tahadhari kubwa. Yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi. Asiyetaka mimba atumie kinga tangu mwanzo. Anayeitafuta aanze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, na ikishika, aache mpango wa kupunguza uzito na amwambie mkunga kuwa ana PCOS, ili apimwe sukari mapema na tena wiki ya 24 hadi 28.

Kama kuhesabu kumekuwa adhabu, unawaza chakula usiku kucha, unakula kwa siri au unajitapisha, weka daftari chini, umwambie mtoa huduma. Wasiwasi na huzuni vinaandamana na PCOS mara nyingi, na vina tiba yake.

## Dawa za "kusafisha kizazi"

Nilinunua mimi pia, chupa mbili, kwa muuzaji mmoja wa simuni, ladha kama magome yaliyolala kwenye sukari. Hedhi ilikuja mara moja, nyingi ya kutisha, kisha ikapotea miezi mitano. Sikujua nilichokunywa mpaka leo.

Uwatu, habbasoda na mdalasini kwa kiasi cha jikoni havina tatizo kwa wengi. Vijiko na vijiko kila siku ni habari nyingine. Uwatu unaweza kushusha sukari juu ya dawa ya hospitali, na wenye mimba wasiutumie kwa wingi. Chochote unachokunywa, mwambie daktari jina lake, hata kama unaona haya.

## Rudi hospitali lini, na useme nini

Usisubiri chakula kifanye kazi ikiwa siku 90 zimepita bila hedhi. Pima mimba kwanza, kisha nenda. Ukuta wa kizazi unaojijenga miezi mingi bila kumwagika unaweza kubadilika vibaya, na zipo dawa za kuushusha. Nenda pia ukitokwa damu zaidi ya siku 7, au ukijaza pedi kila saa. Nenda haraka ikiwa sauti imekuwa nzito na nywele zimeenea mwilini ndani ya miezi michache, kwani hiyo haiendi kama PCOS ya kawaida.

Ukipewa metformini, imeze pamoja na chakula. Tumbo likisokota wiki za mwanzo, usiitupe. Mwambie aliyekuandikia aanze na dozi ndogo. Ukiitumia miaka, omba upimwe vitamini B12. Dawa na sahani havishindani, fanya vyote viwili.

Chukua daftari lako uende nalo. Siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, tarehe za miezi sita, kiuno cha mwanzo na cha sasa, dawa na miti shamba uliyotumia. Ukiwa na ukurasa huo, zile dakika chache ulizokaa mbele ya daktari hazitaishia kwenye "jaribu kupunguza mwili".